Jino la Lokone: ushahidi mzuri, hadithi iliyotiwa chumvi

Sarafu za shaba zinazochimbuliwa Songo Mnara zina tabia moja inayowasumbua watafiti: zina jina la sultani lakini hazina mwaka. Upande mmoja jina, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na pande zote mbili zinapatana kwa vina. Mji wenyewe ulistawi kuanzia mwishoni mwa karne ya 14 hadi mwanzoni mwa karne ya 16, ila sarafu moja inaweza kupita mikono ya vizazi kadhaa baada ya sultani wake kuzikwa. Kwa hiyo mchimbaji makini ana kazi mbili. Anasoma jina ili ajue sarafu ni ya ukoo gani, kisha anaangalia tabaka la udongo ilimokutwa ili ajue ilidondoka lini. Akizichanganya kazi hizo mbili, historia nzima inakwenda kombo.

Jino la kisukuku linasomwa hivyohivyo. Umbo linataja ukoo, mwamba unataja umri. Leo nataka tuitazame kazi moja mashuhuri iliyosoma meno ya hapa Afrika Mashariki, tuone imesoma vizuri kiasi gani, na wapi sisi wasimuliaji tumeisemesha mambo ambayo haikusema. Ni makala ya Fabrice Lihoreau, Jean-Renaud Boisserie, Fredrick Kyalo Manthi na Stéphane Ducrocq, iliyotoka Februari 2015 katika jarida la Nature Communications. Wanaeleza mnyama waliyempa jina Epirigenys lokonensis. "Epiri" ni kiboko kwa Kiturkana, na Lokone ni mahali alipopatikana, huko Turkana, Kenya. Umri wake ni kama miaka milioni 28. Kilichobaki kwake ni meno na taya, basi.

Sasa utauliza: kiboko wa Turkana na asili ya nyangumi, wapi na wapi? Subiri kidogo.

Kwa nini meno?

Jino limevikwa enameli, kitu kigumu kuliko vyote mwilini. Mnyama akifa, fisi anatafuna mfupa, mvua inalainisha uliobaki, lakini gego linadumu. Tena magego ya mamalia yana vilele, mabonde na matuta yanayorithiwa kwa mpangilio maalumu. Mbuzi ana matuta yenye umbo la mwezi mwandamo. Kiboko, gego lake likichakaa, vilele vyake hutoa alama kama jani lenye ncha tatu. Mtaalamu akipewa gego moja tu anaweza kukwambia limetoka kwenye ukoo gani, wakati mwingine hata spishi gani.

Ni jino pia lililomtoa nyangumi wa kale kwenye kundi la mijusi. Mwaka 1834 Richard Harlan wa Marekani alipewa mifupa mikubwa ya mnyama wa baharini, akadhani ni mtambaazi, akamwita Basilosaurus, yaani "mjusi mfalme". Mwaka 1839 Richard Owen wa Uingereza aliyatazama meno ya mnyama huyo na kuona magego yana mizizi miwili. Mtambaazi hana jino la namna hiyo. Owen akasema huyu ni mamalia, jamaa ya nyangumi. Jina la "mjusi" limebaki mpaka leo kwa sababu za kisheria za uainishaji, lakini hoja iliisha palepale kwenye mizizi ya jino.

Hadi hapo jino lina sifa nzuri. Lakini ukitaka kulipima shahidi hili kwa haki, lazima useme pia siku lilipopotosha.

Siku jino lilipopotosha

Mwaka 1966 Leigh Van Valen alipendekeza kwamba nyangumi wametokana na mesonikidi. Hawa walikuwa wanyama wa nchi kavu waliotoweka, wenye kwato lakini wala nyama. Sababu kubwa ilikuwa meno: magego ya pembetatu, yenye makali, yanayofanana mno na ya nyangumi wa mwanzo. Pakicetus wa Pakistani alipotangazwa mwaka 1981, naye alikuwa na meno ya aina hiyo, na nadharia ikazidi kukaa sawa. Kwa miongo mitatu hivi, wanafunzi wengi walifundishwa kwamba babu wa nyangumi anafanana na mbwa mwitu mwenye kwato.

Wakati huohuo kulikuwa na ushahidi mwingine uliokuwa ukinong'ona kitu tofauti. Tangu mwaka 1950, Alan Boyden na Douglas Gemeroy walikuwa wameonyesha kwamba protini za damu ya nyangumi zinakaribiana na za wanyama wenye kwato shufwa: ng'ombe, ngamia, nguruwe na wenzao. Miaka ya 1990 DNA ikaongea kwa sauti ya juu: ndugu wa karibu kabisa wa nyangumi aliye hai ni kiboko. Mwaka 1999 Masato Nikaido, Alejandro Rooney na Norihiro Okada walionyesha vipande vya DNA vyenye tabia ya kujinakili na kujipachika, ambavyo kwa nyangumi na kiboko vimejipachika mahali palepale. Fikiria hati mbili za zamani zenye kosa moja la mwandishi kwenye mstari uleule. Hutasema kila mwandishi amekosea kwa bahati yake. Utasema zimenakiliwa kutoka hati moja.

Kisha ikaja mifupa ya miguu. Mwaka 2001 timu mbili, moja ya Philip Gingerich na nyingine ya Hans Thewissen, zilitangaza mifupa ya kifundo cha mguu ya nyangumi wa kale wenye miguu. Mfupa huo una kapi mbili, moja juu na moja chini, kama zile kapi zinazopitisha kamba za jahazi. Mbuzi anao, ng'ombe anao, kiboko anao. Mesonikidi hana. Hapo wengi waliokuwa wakiwatetea mesonikidi walibadili msimamo, Gingerich mwenyewe akiwemo.

Meno yalikosea wapi? Hayakusema uongo kuhusu kazi. Mnyama anayekata nyama au samaki anahitaji makali, na koo mbili zisizo na undugu wa karibu zinaweza kufikia makali yanayofanana kila moja kwa njia yake. Panga la Lindi na panga la nchi ya mbali hufanana kwa sababu kazi ni moja, si kwa sababu mhunzi ni mmoja. Wasomaji wa mwaka 1966 walisoma alama ya kazi wakadhani ni alama ya ukoo.

Pengo upande wa kiboko

DNA ilimaliza ubishi mmoja ikaanzisha mwingine. Nyangumi wa kwanza tunaowafahamu wana miaka kama milioni 50. Viboko wa kwanza tunaowafahamu wana miaka kama milioni 20 na kidogo. Kama ni ndugu, ukoo wa kiboko ulikuwa wapi kwa miaka milioni 30 katikati? Huwezi kudai mna babu mmoja halafu upande mmoja wa familia hauna hata kaburi.

Kulikuwa na kambi mbili kubwa. Ya kwanza ilisema kiboko ametoka upande wa nguruwe na jamaa zao. Ya pili ilisema ametoka kwa antrakotheri, kundi lililotoweka la wanyama wenye kwato shufwa waliojaa Asia, Ulaya na Afrika. Ubishi huo nao ulipiganwa kwenye magego. Mfano mzuri ni mnyama wa Moroto, Uganda, aitwaye Morotochoerus. Mwaka 1998 Martin Pickford alimweleza kama jamaa ya nguruwe pori wa Amerika, na neno la Kigiriki la nguruwe limo ndani ya jina lake. Mwaka 2010 Maeva Orliac na wenzake waliyapitia upya meno wakasema hapana, huyu ni wa ukoo wa kiboko, mmoja wa wa kwanza kabisa. Meno yaleyale, wasomaji wawili, koo mbili.

Ndipo akaingia yule wa Lokone. Hoja ya Lihoreau na wenzake ni kwamba magego ya Epirigenys yako katikati. Yana mpangilio wa vilele wa antrakotheri, lakini tayari yanaelekea kwenye umbo linalotoa ile alama ya jani yanapochakaa. Kwa hiyo, wanasema, viboko wanatoka ndani ya tawi moja mahsusi la antrakotheri lililoingia Afrika kutoka Asia miaka kama milioni 35 iliyopita, wakati bara hili lilikuwa bado kisiwa. Simba na twiga hawajafika. Kiboko, kwa maneno mengine, ni mwenyeji wa siku nyingi kuliko karibu wanyama wote wakubwa tunaowapeleka watalii kuwaona.

Ninachokisifu

Kwanza, wamelinganisha alama nyingi ndogondogo za jino badala ya sura ya jumla. Makali ya pembetatu yanaweza kujirudia kwa urahisi kwa sababu ya chakula. Mpangilio mzima wa vilele, mabonde na matuta, hatua kwa hatua, si rahisi kujirudia wote kwa pamoja. Hapo wamejifunza kutokana na yaliyotokea baada ya 1966.

Pili, wana mfuatano wa wakati. Antrakotheri wa Afrika wa miaka milioni 35, kisha Lokone milioni 28, kisha Moroto, kisha viboko wasio na shaka, wote ndani ya bara moja. Jino moja peke yake ni uvumi. Mfululizo unaokwenda sawa na umri wa miamba ni hoja.

Tatu, na hili lina uzito wake: mmoja wa waandishi, Manthi, ni mtafiti wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Sisi wa mkoa wa Lindi tunajua kwa nini nalitaja. Kati ya 1909 na 1913 vilima vya Tendaguru vilichimbwa na msafara wa Wajerumani. Mifupa ilibebwa vichwani na wapagazi hadi bandari ya Lindi, na leo mjusi mkubwa wa Tendaguru, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, anasimama Berlin. Boheti bin Amrani, msimamizi aliyejua machimbo yale kuliko wageni wengi, hatajwi kwenye vitabu vyetu vya shule. Kisukuku kikisomwa na mtu wa nchi kilikotoka, na jina lake likawa juu ya makala, ni hatua.

Ninachokipinga

Sasa nije kwenye lawama. Waandishi, katika muhtasari wao, wanadai jino la Lokone linawapandikiza viboko kwenye shina hilo la antrakotheri bila utata wowote. Neno "bila utata" ni zito mno kwa mnyama anayejulikana kwa meno na taya. Hatuna kifundo chake cha mguu. Hatuna mfupa wake wa sikio, ambao kwa upande wa nyangumi umetoa ushahidi mkubwa. Baada ya mesonikidi, na baada ya lile gego la Moroto kubadilishiwa ukoo, mtu anayetegemea meno peke yake angesema "kwa uwezekano mkubwa" na hakuna ambaye angemcheka.

Lawama ya pili ni ya ndani zaidi. Makala inaanza na jibu la DNA mkononi: kiboko na nyangumi ni ndugu. Kisha inasema ni asili ya antrakotheri tu inayopatana na jibu hilo. Kisha inayasoma meno. Huyu ni shahidi aliyekaa mahakamani akasikiliza ushahidi wa mwenzake kabla ya kupanda kizimbani. Huenda anasema kweli tupu, lakini huwezi kumhesabu kama shahidi wa pili aliye huru kabisa. Kwa kuwatendea haki, wazo la antrakotheri halikuzaliwa na DNA. Edwin Colbert alilitetea mwaka 1935, miongo mingi kabla, akitumia anatomia. Hoja hiyo ya Colbert ndiyo ingepaswa kuwekwa mbele, kwa sababu ndiyo inayoonyesha kwamba anatomia ilifika hapo kwa miguu yake yenyewe.

Lawama ya tatu haiwahusu waandishi, inatuhusu sisi tunaosimulia. Kichwa cha makala yao hakina neno nyangumi. Kinasema kuhusu viboko na mageuko marefu ndani ya Afrika. Lakini mara nyingi hadithi hii ikisimuliwa kwa haraka, Epirigenys anageuka kuwa "kiungo kilichopotea kati ya kiboko na nyangumi". Hebu tupige hesabu. Miaka milioni 28 iliyopita nyangumi walikuwa wameshahamia baharini moja kwa moja. Basilosaurus, aliyeishi zaidi ya miaka milioni 10 kabla yake, tayari alikuwa na vijiguu vidogo visivyoweza kumbeba, kama vilivyoelezwa mwaka 1990 kutoka jangwa la Wadi al-Hitan, Misri. Epirigenys hawezi kuwa babu wa nyangumi, kama vile mjomba wako hawezi kuwa babu wa baba yako. Anaziba sehemu ya pengo upande wa kiboko. Babu wao wa pamoja yuko nyuma zaidi ya miaka milioni 50, na huko jino la Lokone halifiki.

Swali ambalo jino bado linaweza kujibu

Kilicho hatarini hapa ni zaidi ya jina la mnyama mmoja. Swali kubwa ni hili: kupenda maji walirithi kwa babu mmoja, au kila ukoo uliingia majini kwa wakati wake? Kama ni urithi, basi safari ya nyangumi ilianza kwa mnyama aliyekuwa tayari anakaa mtoni. Kama ni mara mbili, basi kufanana kwa kiboko na nyangumi majini ni yale mapanga mawili tena, na tutakuwa tumerudia kosa la mesonikidi kwa sura nyingine.

Jino linaweza kuhojiwa juu ya hilo kwa kemia, mbali na umbo. Enameli hutunza isotopu za oksijeni za maji ya mnyama alipokuwa anakua. Mnyama anayeshinda majini huacha alama tofauti na anayekunywa tu na kuondoka. Mwaka 2007 Thewissen na wenzake walitumia njia hiyo, pamoja na uzito wa mifupa, kwa Indohyus wa Kashmir, mnyama mdogo wa kwato wa miaka kama milioni 48. Walihitimisha kwamba alishinda majini, ilhali hakuwa nyangumi. Uzuri wa kemia ni kwamba haijali vilele vinafanana na vya nani. Huyo ndiye shahidi ambaye hakukaa mahakamani. Mwanafunzi anayetafuta mada ya utafiti asiangalie mbali: antrakotheri wa Afrika, tabaka kwa tabaka, ni uwanja mzuri.

Na huku kwetu

Kila mwaka, kati ya Julai na Oktoba hivi, nyangumi wenye nundu hupita pwani ya Tanzania. Upande wa kaskazini, kwenye delta ya Rufiji na hata kisiwani Mafia, wako viboko. Ndugu wawili, bahari moja, na wengi wetu tumekua tukimhesabu mmoja kama samaki na mwingine kama ng'ombe wa mtoni. Nyangumi mwenye nundu hana jino hata moja, anachuja chakula kwa nyuzi. Lakini nyangumi wa aina yake, akiwa bado tumboni mwa mama, huota vichipukizi vya meno, kisha mwili unavifyonza kabla hajazaliwa. Urithi haufutiki upesi.

Ardhi ya Kilwa nayo inahusika. Udongo wa mfinyanzi wa Pande na Kivinje ulitanda chini ya bahari, na sehemu yake ni ya kipindi cha Eosini, wakati uleule nyangumi walipokuwa wanaacha miguu. Kuanzia miaka ya 2000 mwanzoni, Paul Pearson na wenzake, wakiwemo wataalamu wa TPDC, walichoronga visima pale. Walipata viumbe wadogo mno waitwao foraminifera, waliohifadhika vizuri kiasi cha kutumika kusoma hali ya hewa ya dunia miaka milioni 34 iliyopita. Ni kemia ya vigamba, kazi ya aina ileile ninayoiombea meno. Ukubwa wa kisukuku si kipimo cha thamani yake.

Nimalizie na jirani wa Lokone. Hukohuko Turkana, mahali paitwapo Loperot, mwaka 1964 ilipatikana sehemu ya fuvu la nyangumi mwenye mdomo mrefu. Aliishi miaka milioni 17 iliyopita, na inaonekana alipotea njia akapanda mto. James Mead alimwandika mwaka 1975. Baadaye mfupa ukapotea kwenye maghala ya Marekani hadi ulipoonekana tena Harvard mwaka 2011, ukarudishwa Kenya. Mwaka 2015, mwaka uleule wa jino la Lokone, Henry Wichura na wenzake waliutumia kukadiria lini ardhi ya Afrika Mashariki ilianza kuinuka, kwa sababu leo mahali hapo pako kilomita 740 kutoka baharini na mita 620 juu yake.

Kwa hiyo Turkana wamelala wote wawili, jamaa ya kiboko na nyangumi. Ni mseto mtamu, na najua mtu atataka kuwaunganisha kwenye picha moja. Kabla hujaichora, angalia tarehe: milioni 28 na milioni 17, na nyangumi yule alikuwa nyangumi kamili. Makala ya Lokone inapatikana bure mtandaoni. Isome, nenda moja kwa moja kwenye picha za magego, na jiulize kwa kila alama: hii ni ya ukoo, au ni ya chakula?